Kutoka Gugu Hadi Zao: Historia ya Mnavu, Mgagani na Mboga Nyingine Tulizozikuta Porini

 

Swali ninaloulizwa mara nyingi nikitembelea mashamba ni hili: "Bwana shamba, mnavu unajiotea wenyewe nyuma ya zizi. Mgagani unajiotea kwenye mahindi. Kwa nini nitenge eneo, ninunue mbegu na kumwagilia maji kitu ambacho Mungu ananipa bure?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumwambia mtu kwamba kilimo ni biashara. Jibu lake limo kwenye historia ya mboga zenyewe. Ukiijua historia hiyo utaelewa kwa nini mchicha una mbegu dukani na mchunga hauna, kwa nini mnavu huadimika kiangazi, na kwa nini mbegu ya mgagani uliyovuna jana inakataa kuota ukiipanda leo. Kwa hiyo tuanze na historia, kisha turudi kwenye kitalu na samadi.

MBOGA ZOTE ZILITOKA PORINI

Chukua nyanya. Ndugu zake wa porini bado wanaota Peru na Ecuador, na matunda yao ni madogo sana. Huko Meksiko hadi leo ipo nyanya ndogo inayojiotea kwenye mashamba ya mahindi, na wakulima huiacha wakati wa palizi ili waichume baadaye. Wenyeji wa nchi hizo ndio walioikuza ikawa zao. Wahispania waliikuta huko miaka ya 1500 wakaibeba kwenda kwao Ulaya, na kutoka hapo ikasambaa duniani. Ilipofika pwani yetu ikapata jina; Mombasa na Unguja wanaiita tungule. Leo hakuna anayeuliza kwa nini tulime nyanya, ingawa nayo ilianza kama mnavu wa nyuma ya zizi.

Chukua ngogwe, ambayo wengine mnaiita nyanya chungu. Hiyo haikuja na meli. Babu yake ni kichaka cha Afrika chenye matunda madogo machungu yanayoiva mekundu. Waliokibadilisha kichaka hicho kikazaa ngogwe nene unazojaza kwenye tenga ni wakulima wa Afrika, kizazi kwa kizazi, bila maabara. Kila msimu walitunza mbegu ya tunda kubwa na lisilo chungu sana. Kazi yao ndiyo unayoiuza sokoni leo.

Sasa chukua mchicha. Hapa wengi hushangaa. Michicha mingi tunayoilima chimbuko lake ni bara la Amerika, ingawa ipo pia ile midogo ambayo kwao ni Afrika. Iliyotoka nje ilipofika ilisambaa yenyewe, ikaota kwenye majalala na mazizi, watu wakaichuma, wakaizoea, kisha wakairudisha shambani. Kwa hiyo tukisema "mboga za asili" tusigombane juu ya nani alitoka wapi. Mboga ya asili ni ile ambayo watu wa mahali wanaijua jina, wanajua kuipika, na wanajua kuitunzia mbegu.

HATUA NNE ZA GUGU KUWA ZAO

Ukiangalia safari ya mboga hizi utaona hatua nne:

1. Kuchumwa. Mmea unaota wenyewe, watu wanauchuma. Hakuna anayeulinda.

2. Kuachwa. Mwenye shamba akipalilia, jembe linaukwepa. Mahindi yanapaliliwa, mgagani unabaki. Hapa ndipo kilimo kinapoanza, ingawa hakuna aliyepanda.

3. Kupandwa. Mtu anakusanya mbegu na kuimwaga karibu na nyumba, kwa sababu hataki kuitafuta mbali.

4. Kuchaguliwa. Mtu anaanza kubagua mbegu. Anaacha ya mmea wenye majani mapana, unaochelewa kutoa maua, usio mchungu sana. Akifanya hivyo miaka mingi, mmea wenyewe hubadilika.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, kwa sababu mmea wa porini una tabia zake za kujilinda. Kwanza, hupukutisha mbegu mara tu ganda linapokauka, kabla hujafika na kikapu. Pili, mbegu zake hulala ardhini. Nyingine huota mwaka huu, nyingine mwakani, ili ukame mmoja usizimalize zote. Tatu, huwahi kutoa maua, na ukishatoa maua majani hupungua na kukakamaa. Tabia hizi zinaufaa mmea porini, lakini zinampa hasara mtu anayetaka kuvuna mafungu hamsini siku ya gulio.

Sasa pima mboga zako. Mchicha umefika hatua ya nne. Mnavu uko kati ya ya tatu na ya nne. Upo wa majani mapana unaolimwa, na upo mdogo unaojiotea. Mgagani kwa wengi wetu bado uko hatua ya pili. Mchunga, ule mchungu unaopendwa pwani na Tanga, uko hatua ya kwanza na ya pili. Hiyo ndiyo sababu mbegu ya mchicha iko dukani na ya mchunga haipo. Mmoja umefanyiwa kazi, mwingine bado.

WAKATI WA MKOLONI

Wajerumani walipotawala, akili ya kilimo ilielekezwa kwenye mazao ya kusafirisha nje. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Mwaka 1902 walifungua kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, na kazi kubwa ya hapo ilikuwa kujaribu mimea ya kigeni yenye faida. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na mkonge, pamba na kahawa. Mboga walizozijali zaidi zilikuwa zile za meza zao, kama kabichi, karoti na viazi mviringo, ambazo zilistawi Lushoto kwenye baridi.

Hapo Amani alikuwepo mtaalamu wa mimea, Peter Greenway, aliyekusanya majina ya mimea kwa Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa. Ni kazi ya maana na bado inatumika. Lakini kuandika jina la mmea si kutengeneza mbegu yake. Jina liliingia kitabuni, mmea ukabaki kwenye kundi la magugu.

Neno hilo limeleta madhara marefu. Kwenye mafunzo ya kilimo, shamba safi ni shamba lisilo na kitu kingine zaidi ya zao. Sisi maafisa ugani tumefundishwa hivyo, na kwa mahindi ni ushauri sahihi, kwa sababu magugu hula mbolea na maji. Lakini mama aliyekuwa anapitisha jembe pembeni ya mgagani hakuwa mvivu wa palizi. Alikuwa anatunza mazao mawili kwenye shamba moja, na la pili halikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

NJAA ILIONYESHA THAMANI YAKE

Wazee wa Dodoma wana jina la njaa kubwa iliyofuata vita ya kwanza: Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na watu wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosa, na kati ya 1917 na 1920 Wagogo walikufa kwa wingi. Katika njaa za namna hiyo watu hurudi porini kutafuta majani, mizizi na matunda.

Lakini usidhani mboga za porini ni chakula cha njaa peke yake. Wagogo wamejenga maarifa kamili ya mlenda. Mlenda si mmea mmoja. Ni jina la mimea kadhaa yenye utelezi, mingine inajiotea shambani na mingine porini. Huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, husagwa, huhifadhiwa, na kiangazi unga wake hupikwa pamoja na karanga na kuliwa na ugali wa uwele au mtama. Hayo ni maarifa ya kuhifadhi chakula mahali ambapo mvua hunyesha miezi michache kwa mwaka. Ukiuza mlenda mkavu Dar es Salaam leo, unauza maarifa hayo.

Baada ya uhuru, serikali nayo iliuona mwanya wa lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilipita vijijini kwa vikundi vya kusikiliza redio. Wengi wenu mna wazazi waliokaa kwenye vikundi hivyo.

LUSHOTO: FEDHA YA KABICHI, CHAKULA CHA MAGUGU

Miaka hiyo hiyo ya 1970 mtafiti mmoja, Anne Fleuret, alikaa na Washambaa wa Lushoto akiangalia wanakula nini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Kumbuka Lushoto tayari ilikuwa inalima mboga za kizungu kwa ajili ya soko. Lakini ndani ya nyumba, kitoweo kilicholiwa mara nyingi kilikuwa majani yasiyopandwa na mtu, na majani hayo yalikuwa chanzo muhimu cha virutubisho.

Fikiria maana yake. Kabichi ilikwenda kwenye lori, fedha ikarudi kununua sukari, mafuta ya taa na sare za shule. Mboga iliyowajenga watoto ilitoka pembeni mwa shamba bila kulipiwa. Hakuna aliyeona gharama yake kwa sababu haikuwa na bei. Na kitu kisicho na bei, siku kikipungua, huoni kwenye hesabu. Unaona kwa mtoto.

Kwa lishe, majani ya kijani kibichi kama mgagani, mnavu na mchicha yana vitamini A na madini ya chuma na kalsiamu kuliko kabichi nyeupe. Kabichi si mbaya, kwani inakaa siku nyingi na inasafiri vizuri, ndiyo maana wafanyabiashara wanaipenda. Ila isiyafukuze majani haya mezani.

MCHICHA ULIVYOINGIA MJINI

Mchicha ulifikaje hatua ya nne kabla ya wenzake? Jibu ni soko la mjini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchumi wetu ulikuwa kwenye hali mbaya. Mshahara haukutosha, bidhaa ziliadimika, na mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi ya kumtaka kila mwenye nguvu awe na kazi. Watu wa Dar es Salaam, wakiwemo wafanyakazi wa ofisini, walilima kila kipande kilichokuwa wazi, uani, kandokando ya barabara na kwenye mabonde kama la Msimbazi. Mboga iliyowafaa kuliko zote ilikuwa mchicha.

Sababu ni tatu. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne kwa kung'oa, kwa hiyo fedha inarudi haraka. Unatoa mbegu nyingi sana, kwa hiyo mkulima anajitegemea. Na majani yake hunyauka upesi, kwa hiyo aliye karibu na soko anamshinda aliye mbali mwenye shamba kubwa. Wakulima hawa walipoacha mbegu, waliacha ya mimea iliyowahi kukua na yenye majani mapana. Soko ndilo lililowafundisha kuchagua.

Somo jingine la Dar es Salaam ni la tahadhari. Mabonde ya mjini hupokea maji machafu, na mboga ya majani hupokea kila kilichomo kwenye maji hayo. Jina zuri la mboga likishaharibika, mnunuzi hamwulizi mkulima mmoja mmoja. Wewe uliye kijijini una maji safi. Hiyo ni mali yako, itangaze.

MIAKA YA 1990: KAZI YA MBEGU

Kwa mnavu na mgagani mabadiliko yalianza zaidi Kenya. Huko mnavu unaitwa managu au osuga, mgagani unaitwa saga au dek, na mchicha unaitwa terere. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye alifundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, alianza kuzitafiti mboga hizi mapema miaka ya 1990. Aliwafuata wakulima na kuona kikwazo kikubwa, mbegu duni. Watu walitaka kulima, lakini mbegu waliyopata sokoni ilikuwa imechanganyika, haioti vizuri, au imevunwa kabla ya kukomaa. Akashughulika na mbegu, na jinsi ya kulima na kupika. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mboga hizi zikaanza kukaa kwenye rafu za supamaketi za Nairobi, ambako zamani kijana wa mjini angeona aibu kuzibeba.

Kwetu, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao yake Taiwan kilifungua ofisi Arusha mwaka 1992. Kikishirikiana na kituo cha serikali cha Tengeru, kilikusanya mbegu za mboga za Afrika kutoka kwa wakulima wa sehemu mbalimbali, kikazipanda pamoja na kuzilinganisha. Ndiko zilikotoka aina kama mnavu wa Nduruma na Olevolosi, mchicha wa Madiira, na ngogwe za Tengeru White na DB3 ambazo huenda umezipanda.

Tazama vizuri hapo. Mbegu hizo hazikutengenezwa kutoka hewani. Zilianzia kwenye vibuyu, vitambaa na makopo ya akina mama. Mtaalamu alimalizia hatua ya nne, lakini hatua tatu za mwanzo zilifanywa na watu kama mama yako.

KWA NINI TUSIENDELEE KUCHUMA TU?

Sasa narudi kwenye swali lako. Zamani kuchuma kulitosha kwa sababu pori lilikuwa karibu, mashamba yalipumzishwa, na palizi ilikuwa ya jembe. Mambo matatu yamebadilika.

Kwanza, ardhi. Shamba lililopumzishwa lilikuwa bustani ya mboga ya kijiji kizima. Sasa watu wameongezeka, shamba halipumzishwi, na pembezoni pamelimwa hadi barabarani.

Pili, dawa ya kuua magugu. Inapunguza kazi ya jembe, na simlaumu mtu aliyechoka kuinama. Lakini dawa haina macho ya mama ya kukwepa mgagani. Inaua vyote. Zaidi ya hapo, mchumaji hajui shamba gani limepulizwa jana. Tafadhali, ukipuliza, waambie majirani na weka alama inayoonekana. Na wewe unayechuma, usichume pasipo kuuliza.

Tatu, soko. Mboga ikipata bei, watu huivuna yote kabla haijatoa mbegu. Mwaka wa kwanza unapata viroba viwili, mwaka wa tatu unapata nusu kiroba. Mmea wa porini hauishi kwa kukatwa tu. Lazima mtu auachie mbegu.

Lipo jambo jingine ambalo wenye mashamba hatupendi kulisema. Wanaotegemea zaidi mboga za bure ni wale wasio na ardhi ya kutosha: wajane, vijana wapya, wazee. Mnavu ukigeuka zao la bei, mwenye shamba anapata na mchumaji anakosa. Sina dawa kamili ya hilo. Ninachoshauri ni kuacha ukingo mmoja wa shamba usiopulizwa dawa, jirani achume. Hakugharimu kitu, na ukingo huo utakutunzia mbegu siku kitalu chako kikishambuliwa.

JINSI YA KUANZA: MNAVU

Chagua mimea yenye majani mapana inayochelewa kutoa maua. Iache bila kuichuma hadi matunda yaive kabisa, meusi au ya rangi ya chungwa kulingana na aina. Yaponde kwenye maji, osha mpaka utelezi na utamu utoke, kwa sababu sukari ikibaki kwenye mbegu huzuia uotaji. Mwaga zinazoelea, anika zilizozama kivulini.

Sia kwenye kitalu chenye samadi iliyooza. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, funika kwa udongo mwepesi sana. Miche ikifikia urefu wa kiganja pandikiza jioni, nafasi ya sentimita 30 kwa 30. Mnavu unapenda mbolea ya kutosha na unyevu; ndiyo maana kwa hiari yake huota nyuma ya zizi. Anza kuvuna baada ya wiki nne hadi tano kwa kukata ncha, nao utachipua pembeni. Ng'oa maua yanayojitokeza ili majani yaendelee.

Tahadhari: usile wala usiuze matunda mabichi ya mnavu, yana sumu. Na kwenye mchicha na mnavu wowote wa kuchuma, chunguza isichanganyike mnanaha, ule mmea wenye maua meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba. Jani lake likiingia kwenye sufuria ni hatari kwa familia nzima.

JINSI YA KUANZA: MGAGANI

Mgagani haupendi kupandikizwa, mzizi wake huumia. Panda moja kwa moja shambani, mistari iachane sentimita 30, kina kisichozidi sentimita moja. Funika kwa udongo, kwa sababu mbegu yake huota vizuri gizani na penye joto. Kisha punguzia miche. Ile unayong'oa ni mboga ya kwanza. Usipande kivulini. Vuna kuanzia wiki ya nne hadi ya sita, na kata vichwa vya maua mapema.

Kuhusu mbegu: maganda yakianza kuwa ya njano yavune kabla hayajapasuka, yamalizie kukauka kwenye turubai au gunia. Kisha subiri. Mbegu mbichi ya mgagani hulala miezi kadhaa, hata mitano au sita. Wengi hupanda mbegu ya mwezi jana, haioti, wanasema mgagani "haulimiki". Unalimika. Tumia mbegu ya msimu uliopita.

Ukitunza mbegu ya mchicha, kumbuka unabebewa chavua na upepo. Ng'oa mchicha wa miiba na michicha mingine ya porini iliyo karibu kabla haijatoa maua, la sivyo mbegu yako itarudi nyuma. Kwa mgagani acha angalau mimea 10 ya mbegu, usitegemee mmoja.

KWA WEWE MFANYABIASHARA

Uza wakati wengine hawana. Masika mnavu uko kila mahali na fungu halina bei. Kiangazi, mkulima mwenye maji na kitalu ndiye mwenye soko. Kaa na wakulima wawili watatu, mpangane wapande kwa kupishana wiki mbili mbili, ili usikose mzigo. Vuna asubuhi na mapema, weka kivulini, nyunyiza maji safi, usishindilie kwenye kiroba. Ambacho hakikuuzwa, kausha kivulini mahali pasafi. Mgagani, mlenda na majani ya kunde makavu yana wateja wake.

Ukitaka kuuza mbegu badala ya mboga, hiyo ni biashara nyingine inayosimamiwa na TOSCI. Pita ofisi ya kilimo ya kata uulize utaratibu kabla hujaanza kufunga pakiti.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao usiposhonwa huchakaa. Kazi ya msimu huu ni ndogo: kabla ya palizi ya pili, zunguka shamba lako, chagua mimea 10 ya mnavu au mgagani iliyokupendeza, ifunge kitambaa ili asiichume mtu, na uiache ikomae. Mbegu zake zikikauka, ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, andika jina na mwezi. Ukikwama, nipigie au nisubiri siku ya mkutano wa kijiji. Kazi njema.